Mzee wa Tangi na Kuku Wasiojua Kutembea

Watu wakinisikia nikimsimulia Mzee wa Tangi hudhani nilimchukia. Sikumchukia hata siku moja. Alinichosha tu, na kuchoshwa na mtu kwa miaka mitano mfululizo ni kazi nzito kuliko kumchukia, maana unayemchukia unaweza kumpitia njia nyingine. Kwa huyu sikuwa na njia nyingine. Maji yote ya karibu yalikuwa nyuma ya mgongo wake.

Sijui alizaliwa wapi, wala ukoo wake sikuuliza. Nilipofika Mnyambe, bado mwali, nimetoka kwetu Chiungutwa kumfuata mume wangu aliyepelekwa kufundisha shule ya misheni, nilimkuta tayari amekaa kando ya tangi la saruji nyuma ya kanisa, ufunguo umening'inia shingoni kwa uzi mweusi. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Waingereza. Habari za mabomba ya kupandisha maji mlimani tulizisikia mikutanoni tu. Na mtu wa Chiungutwa hajui kiu. Kwetu ukitaka maji unakwenda kisimani, unachota, unarudi, na uji haujachemka bado. Juu kule Newala, tangu mvua zikatike mpaka zirudi, wanawake walitoka alfajiri kuteremka mlima wote hadi bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani, wakafika jua limeshakuwa kali. Tangi la kanisa lilijazwa na mvua kutoka kwenye paa la bati, na lilikuwa la wale wasioweza kuteremka: wazee, wagonjwa na waliojifungua karibuni.

Alilitunza kwa namna ya kuudhi. Kila asubuhi aliligonga kwa kifundo cha kidole, akianzia juu na kushuka, sikio kalibandika kwenye saruji, mpaka sauti ibadilike. Hapo alichora mstari kwa mkaa, akaguna, akakaa. Maji yalitolewa Jumatano na Jumamosi, kila nyumba kipimo chake, na kipimo kilikuwa debe lililotobolewa tundu dogo chini kidogo ya ukingo, ili hata mkono wake ukitaka kukuonea huruma, tundu lisikubali. Tundu hilo alilitoboa mwenyewe. Ukimwambia, "Baba, mimi ni jirani yako," hujibu, "Tangi halina jirani." Ukimwambia umeolewa na mwalimu, "Tangi halikusoma." Padri alipopata wageni kutoka Masasi siku moja, akaja na ndoo yake kwa adabu zote, aliambiwa kwamba tangi halijapata daraja la ukasisi.

Lakini mtu huyohuyo, ukipita kwake saa ya chakula, ulishikwa mkono ukakalishwa. Muhogo wake ulikuwa wako, korosho zake zako, ming'oko, vile viazi vya porini, ilipochimbwa alikulisha mpaka ukashindwa kuinuka. Shati lake la Pasaka aliwahi kulivua njiani akampa mlevi aliyeraruliwa la kwake, akaingia kanisani na koti tupu. Halafu ukishakula ming'oko yote hiyo, koo limekauka, anakuletea maji nusu kikombe na kukuangalia mpaka umalize, asije akaona tone limebaki. Niliwahi kumwambia mume wangu kwamba mzee huyu ana mioyo miwili na haijawahi kukutana. Mume wangu akasema moyo ni mmoja ila una kufuli.

Hata kwa Mungu alikuwa vilevile. Wengine waliomba mvua kwa maneno mazuri. Yeye zamu yake ikifika alisimama, akakohoa, akasema, "Bwana, limebaki kiunoni. Amina," akakaa.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ndio aliozaliwa Anjela, mtoto wangu wa kwanza. Kiangazi kilikuwa kimeshika. Alipokuwa na miezi miwili alishikwa na homa, mwili unawaka, na mtungi wangu umebaki tope. Ilikuwa Jumatatu. Nikaenda tangini na kopo, kopo tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Anjela. Habari za nyumbani?"

"Si nzuri. Mtoto ana homa. Naomba kopo moja la maji nimkande."

Akalitazama kopo, akanitazama mimi. "Leo siyo Jumatano."

"Najua siyo Jumatano, baba. Ni mtoto."

"Nenda kaazime kwa jirani. Jumatano utamrudishia." Akageuza uso kuelekea kanisani, kama mtu aliyekwisha kuniaga.

Jirani alinipa, mtoto akapona. Lakini kuanzia siku ile nilikuwa na jambo langu moyoni juu ya mzee yule, na nililitunza vizuri.

Basi huyu ndiye mtu aliyekwenda Masasi kwenye kikao cha wazee wa kanisa, mwezi wa nane, vumbi limefunika kila kitu, akarudi juu ya lori la misheni amekaa katikati ya matenga ya kuku. Habari zilifika kabla ya lori. Kuku! Tena wengi! Tulijua ni karamu tu, hakuna maana nyingine. Mimi nilikwisha kuazima sufuria kubwa, na wanawake watatu walikuwa uwanjani kwangu wakimenya vitunguu.

Matenga yalifunguliwa mbele ya kanisa. Walikuwa kuku weupe, na ninaposema weupe nasema pale palipobaki manyoya. Shingo tupu, migongo tupu, vilemba vimepauka na kulala upande. Midomo ilikuwa imekatwa ncha. Kucha zilikuwa ndefu, zimejikunja kwa ndani. Aliwatoa mmoja mmoja kwa mikono miwili, akawaweka chini, na wao wakasimama. Hawakukimbia. Wewe umewahi kuona kuku aliyetolewa tengani asikimbie? Walisogea taratibu, kwa kuyumba, mpaka kwenye ukuta wa kanisa, wakajipanga mstari mmoja, kila mmoja na nafasi yake, wote wametazama upande mmoja. Vitunguu vikakosa wa kuvimenya.

Ndipo akatueleza. Nje ya Masasi kulikuwa na Mzungu aliyekuwa akiwauzia mayai Wazungu wenzake wa mashamba ya karanga. Karanga zilipokufa, wateja wakaondoka, na yeye sasa alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Kuku wake waliishi katika vizimba vya waya, kila mmoja chumba chake, chini waya, juu waya, chakula na maji viko puani tangu siku ya kwanza. Udongo hawajaukanyaga. Mzungu akawapa misheni wachinjwe.

"Na wewe ukasemaje, baba?" mume wangu akauliza.

"Nikasema hawa siwachinji. Huwezi kumchinja kuku kabla hajawa kuku."

Mtu mzima, amechinja kuku wa kila Krismasi na kila msiba tangu nimjue, anasimama mbele yetu na kusema hivyo. Kisha akasema jambo ambalo kuanzia siku ile tulilisikia mpaka masikio yakauma: "Nataka mmoja wao aatamie. Atotoe, atoke nje na vifaranga vyake. Mmoja tu. Akishafanya hivyo, waliobaki wapikeni mnavyotaka."

"Na watakunywa nini?" nikamuuliza, maana ndivyo nilivyokuwa.

"Watakunywa kipimo changu."

Akatugawia kuku wawili kila nyumba, akabaki na sita. Sufuria nikairudisha ikiwa safi kama nilivyoiazima.

Hapo tukafanya kosa ambalo watu wa kwetu tu wangeweza kulifanya. Kuku mgeni akija nyumbani, desturi ni kumzungusha kwenye mafiga, halafu unamfunga mguu kwa kamba siku tatu nne ajue kwamba hapa ndipo kwake. Ukimfungua baadaye anazurura, jioni anarudi. Nasi tukawafunga hao weupe, kijiji kizima, kila mmoja kwa mguu kwenye nguzo. Wakatulia sana. Tukafurahi, tukasema hawa wana tabia nzuri. Siku ya nne tukawafungua. Wa kwangu wawili walisimama palepale kamba ilipoishia. Nikaitoa kamba, nikaitupa jikoni, bado wamesimama palepale, kama vile ingali mguuni. Siku mbili walisimama hapo. Mzee wa Tangi alipopita ukaguzini, maana alikuwa na ukaguzi sasa, alishika kichwa.

"Mmewafunga!"

"Si ndivyo kuku anavyozoeshwa, baba?"

"Hao wamefungwa maisha yao yote, Mama Anjela! Unawafundisha wanachokijua!"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Njia yake yeye ilikuwa ya bakuli. Aligundua kwamba kuku hawa hawawezi kuyafuata maji. Ukiweka bakuli hatua tatu mbele yao, wanalitazama, wanafungua midomo kwa kiu, na hawaendi. Mmoja alikufa hivyo kwa jirani yangu, bakuli limejaa mbele yake. Basi mzee akapita nyumba hadi nyumba na agizo: siku ya kwanza bakuli liwe mdomoni kwa kuku, siku ya pili shubiri moja mbali, ya tatu shubiri mbili, na kuendelea hivyo hivyo. Shubiri yake, siyo yako. Alikuja kupima kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nina mtoto mgongoni, uji motoni, mume anadai shati la shule, na mzee amechuchumaa uwanjani kwangu akipima mchanga kwa vidole na kusema umemruka kuku huyu mbele mno, mrudishe.

Aliwafundisha na kuchakura. Hili lazima niliseme kama nilivyoliona. Mzee wa kanisa, ufunguo shingoni, alimwaga pumba chini ya majani makavu ya mkorosho, akainama, akachakura kwa vidole vya miguu: kushoto, kulia, anarudi nyuma, anatazama. Kuku weupe sita wamejipanga ukutani wanamwangalia. Watu waliokuwa wakipita njiani kwenda Newala walisimama. Mtu mmoja aliuliza kama mzee huyu ana ndugu zake hapa karibu.

Alipoona mguu wake haufundishi, alikuja kuazima kuku wangu. Nilikuwa na tetea mmoja mwekundu, mkali, mchakuraji hodari, kuku pekee niliyetoka naye kwetu. Akamchukua "awe mwalimu wao kwa juma moja". Mume wangu akauliza mwalimu huyo atalipwa daraja gani. Tetea wangu akakaa kwa mzee mwezi mzima, akarudi amekonda, amejifunza kusimama ukutani.

Mayai sasa. Waliyataga walikosimama. Yai linatoka, linaanguka, pwaa, na mama yake hata hageuki. Kwenye vizimba lilikuwa likiviringika na kuondoka, kwa hiyo alikuwa hajawahi kulifahamu. Nililikanyaga moja mlangoni nikaenda kanisani na kiini kwenye kidole. Na mwewe naye alifurahi mwaka ule kuliko miaka yote. Kuku mweupe amesimama uwanjani wazi, hajui angani kuna nini, hata kivuli kikipita hainami. Mwewe alikuwa anakuja bila haraka. Nyumba mbili nazo zilisema kuku wao wamechukuliwa na mwewe, ila kwao kulinukia mchuzi. Mzee alipita hapo, akavuta pumzi mlangoni, na hakupita tena.

Nakubali, walikuwepo waliojifunza. Manyoya yalianza kuota. Mmoja wa kwangu alivuka uwanja mzima peke yake siku moja hadi kwenye bakuli, akanywa, akainua kichwa, na mimi nikajikuta nimepiga kigelegele, halafu nikatazama huku na huku kama kuna aliyenisikia. Lakini kuatamia? Hakuna. Wanawake waliofuga kuku tangu utotoni walisema wazi hawa wametolewa ukuku wao, haurudi. Mzee alisikia, akasema, "Bado." Neno hilo nalo niliwahi kutamani kumfunga nalo mdomo.

Kuku hao walikunywa. Walizoea maji kutwa nzima, na kiangazi kile kilikuwa kirefu. Tulidhani mzee anaongeza maneno aliposema watakunywa changu, lakini baada ya muda tukaona midomo yake imepasuka, na Jumapili shati lake lilikuwa na jasho la juma zima, maana alikuwa hafui. Wanawake walianza kumhurumia. Mimi nilikasirika. Nilimwona ni mtu anayejitesa ili sisi tuone aibu.

Halafu asubuhi moja, siku isiyokuwa ya maji, nilipita nyuma ya kanisa nikitafuta kuni. Nikamwona ameinama kwenye koki. Koki imefunguliwa. Maji yanatiririka ndani ya kopo. Akafunga, akageuka, tukatazamana.

Nilikuwa na maneno mengi mno, yote yalitaka kutoka pamoja. Nikaenda zangu na kuni zangu tatu, nikipanga nitakavyokwenda kwa Padri, nitakavyosimama, nitakavyoanza. Nilitaka anyang'anywe ufunguo ule. Nilitaka niwepo.

Hakunipa hata nafasi hiyo. Jumapili, ibada ilipokwisha, Padri yuko mlangoni anasalimia watu, Mzee wa Tangi alisimama kwenye ngazi, akavua ufunguo shingoni, akasema kwa sauti ileile ya kuomba mvua, "Nimewapa kuku maji ya tangi. Kopo moja kila siku, siku tatu. Changu kiliisha. Nimeiba."

Padri alikuwa mtu mpole. Akaanza kusema makopo matatu si kitu, mzee ametumika miaka mingi. Wanawake wakaguna. Mimi nikapasuka.

"Mwanangu alikuwa anawaka homa! Nilikuja na kopo hilohilo! Ukaniambia siyo Jumatano!"

"Ndiyo," akasema. "Na haikuwa Jumatano."

"Na kuku je? Wao walikuja Jumatano?"

"Hapana. Ndiyo maana nasema nimeiba." Akamgeukia Padri, akamnyooshea ufunguo, kisha kabla Padri hajaupokea akauvuta nyuma na kuuelekeza kwangu. "Mpeni huyu. Ana hasira. Hatampa mtu."

Watu walicheka mpaka Padri naye akacheka, na watu wakishacheka hivyo jambo limeshapita. Nilitoka kanisani nimevaa ufunguo wa watu shingoni, na sikuwa nimeuomba.

Ninyi mnaojua kuwasema wenye funguo, naomba siku moja mpewe. Sikujua kwamba kila mtu ana sababu. Sikujua kwamba sababu zote ni za kweli. Huyu mama yake mgonjwa, huyu ana msiba, huyu amevunja mtungi njiani na anaonyesha vigae. Nilikataa, nikarudi nyumbani nikalia, nikaenda kukataa tena. Nilijifunza kugonga saruji na kusikiliza. Mume wangu alisema nimeanza kuguna kama Mzee wa Tangi. Na yeye mwenyewe sasa alikuja Jumatano na Jumamosi, anasimama kwenye mstari na debe lake kama mtu yeyote, ila ufunguo ndio niliopewa, mdomo alibaki nao. "Umeifunga koki nusu, nang'olo," aliniambia, ananiita mzee mbele za watu. "Debe umelilaza." "Umechelewa kufungua." Nilimjibu kwamba kama hakupenda, angewanyima kuku wake maji nisingekuwa hapa. Akasema hilo ni kweli, na koki bado ni nusu.

Mwezi wa kumi na moja ukaingia, mawingu yanakuja na kuondoka. Tangi nililisikia chini kabisa, karibu na magoti. Ndipo mzee akaja kwangu adhuhuri moja, siku isiyokuwa ya maji, mikono mitupu. Nilimwona kutoka mbali nikashika ufunguo kwa mkono.

"Shikamoo, baba. Tangi sifungui."

"Marahaba. Nani amekwambia ufungue? Nikikuona umefungua nitakushitaki mwenyewe kwa Padri." Akakaa kizingitini. Alikuwa amekonda sana. "Ameatamia, Mama Anjela."

"Nani?"

"Mmoja wangu. Siku ya tano leo. Amekaa juu ya mayai saba, ukimsogelea anavimba na kunguruma. Ananidonoa!" Akanionyesha mkono kwa furaha, kwamba amedonolewa. "Lakini hainuki kunywa. Nampelekea kikombe mdomoni. Na changu kimekwisha asubuhi hii, na mpaka Jumamosi ni mbali. Akitoka pale kutafuta maji, mayai yatapoa. Nimekuja kuomba maji ya nyumbani kwako. Siyo ya tangi. Ya kwako."

Nilikuwa na maji ya kumwogesha mtoto. Yalikuwa ndani ya chungu kidogo, nimeyafunika, nimeyahesabia tangu asubuhi. Niwaambie kweli, maneno yale yalikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Siku gani leo, baba? Leo ni siku gani? Nilikuwa nimeyatunza kwa miezi. Nikamtazama amekaa kizingitini, midomo imepasuka, amedonolewa na kuku na anafurahi, hasira yangu ikaniishia kabla sijaitumia. Hilo nalo sijamsamehe.

Nilimchotea kikombe. Nilimsema wakati wote ninachota: kwamba amezeeka vibaya, kwamba mtoto wangu atalala na vumbi kwa ajili ya kuku wa Mzungu, kwamba nikisikia kumeshindikana hata kuatamia huko nitakuja kumpika kuku yule mwenyewe. Akapokea, akamimina robo kurudisha kwenye chungu, "ya uso wa mtoto", akaondoka anatembea kwa hatua fupi asimwage. Kesho yake akaja tena. Na kesho yake. Anjela alipanguswa kwa kitambaa kibichi majuma mawili na kitu, na kila siku nilimsema mzee, na kila siku nilikuwa nimeshachota kabla hajafika.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwishoni mwa mwezi huo. Siku chache baadaye mvua zilianza na mume wangu akahamishiwa Masasi ghafla, tukaondoka na lori asubuhi kukiwa na tope, yeye yuko shambani kwake anapanda. Nilidhani nitarudi kumuaga. Nilizaa mara mbili huko, na habari za msiba wake zilinifikia kabla sijarudi.

Siku hiyo ya mwisho ilikuwa Jumamosi, siku ya maji. Mstari ulikuwa mrefu, na nilijua kilichobaki tangini kitamtosha kila mmoja kipimo kile kile kwa mara hiyo na labda Jumatano moja zaidi. Mzee hakuwepo kwenye mstari, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikaanza kuingiwa na hofu. Nimehudumia watu watano au sita, mwanamke mmoja akaja mbio kutoka upande wake, kanga inamtoka, anacheka.

"Ametotoa! Yule kuku wa mzee ametotoa!"

Sikumbuki nilivyoliweka debe chini. Nilikimbia na Anjela mgongoni, nikakatiza shamba la muhogo, nikafika kwake ninahema. Alikuwa amechuchumaa kando ya mlango, mgongo ukutani, hajitikisi, hakohoi. Akaninyooshea kiganja kwamba nisimame hapohapo.

Kuku akatoka. Alikuwa mweupe, manyoya yamejaa, kilemba kimesimama chekundu. Akasita mlangoni, akainamisha kichwa upande, akatazama angani kwanza. Angani! Kisha akatoa sauti ile ya chini, na nyuma yake vikatoka vifaranga vinne, viwili vyekundu kabisa kama majogoo wa kwetu. Bakuli lilikuwa ng'ambo ya uwanja, sidhani kama shubiri zake zingetosha kulipima. Akaliendea moja kwa moja, anachakura njiani, anaita, navyo vinajikwaa nyuma yake mpaka wakafika. Akanywa. Akainua kichwa, maji yakateremka kooni.

Nilikuwa nalia, nasema wazi. Nililia kwa ajili ya kuku. Nikamgeukia mzee nimwambie hongera, nimwambie nilikosea, nimwambie yote, na mtoto mgongoni naye ameanza kulia. Machozi yalikuwa yanamtiririka hata yeye, mtu ambaye hakuwahi kumwaga tone. Akanitazama usoni, kisha macho yakashuka shingoni kwangu, yakakaa hapo. Uso wote ukabadilika.

"Ufunguo uko wapi?"

Nikajipapasa.

"Mama Anjela! Ufunguo uko wapi? Leo si ni Jumamosi? Nani yuko tangini? Watu wako kwenye mstari, wewe umesimama hapa unatazama kuku!"

Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu katika dunia hii. Nilirudi mbio kwa njia ileile ya muhogo, ninalia, ninacheka, ninamtukana kwa sauti, mtoto ananirukaruka mgongoni, na nyuma yangu bado anapiga kelele kwamba koki niifunge mpaka mwisho. Nilikuwa nimeuacha ufunguo kwenye kufuli, kufuli wazi, debe chini ya koki. Tangi zima la kijiji cha wenye kiu, wazi, bila mtu.

Nilipozunguka ukuta wa kanisa niliwakuta wanawake wamekaa chini kwenye mstari, kila mmoja mahali pake, madebe magotini, wananisubiri. Debe la kipimo lilikuwa tupu kama nilivyoliacha. Mbele alikuwa mjane mmoja mzee, midomo imekauka, mkono wake haufiki hata shubiri kutoka kwenye koki.

"Umechelewa," akaniambia. Nikafungua maji, nikampimia.